Frank Hornby: Karani Aliyetengeneza Magari Moshi Madogo



Umewahi kumwona mtoto akikokota gari la mabua? Bila shaka umemwona. Hapa Igoma watoto hutengeneza magari kwa waya, kwa makopo na kwa mabua ya mtama. Magurudumu hukatwa kutoka kwenye kandambili zilizochakaa. Mtoto hulifunga gari lake kwa kamba, akalikokota njiani huku akinguruma kwa mdomo. Pengine mtoto huyo ni wako. Pengine ulimgombeza kwa sababu alichukua waya wa kuanikia nguo. Au ulimgombeza kwa sababu alicheza mpaka jua likazama, naye hajateka maji.

Kabla hujamgombeza tena, soma habari za mtu mmoja. Mtu huyo aliitwa Frank Hornby. Hakuwa fundi. Alikuwa karani wa kuandika hesabu. Jioni, baada ya kazi, aliwatengenezea watoto wake vitu vya kuchezea. Kazi hiyo ya jioni ilikua mpaka ikawa kiwanda kikubwa. Kutoka kiwanda hicho yalitoka magari moshi madogo yanayokwenda kweli juu ya reli ndogo. Watu wa nchi nyingi, watoto na wazee, walijenga reli hizo nyumbani mwao.

Soma polepole. Ukikuta neno gumu, litamke silabi kwa silabi. Ukichoka, weka alama, uendelee kesho.

1. Mtoto wa mji wa bandari

Frank Hornby alizaliwa tarehe 15 Mei 1863 katika mji wa Liverpool, nchini Uingereza. Liverpool ni mji wa bandari. Kama Mwanza inavyopokea meli za Ziwa Viktoria, ndivyo Liverpool ilivyopokea meli kubwa za baharini. Pamba, nafaka na nyama kutoka nchi za mbali zilishushwa pale. Reli nayo ilikuwapo. Reli ya kutoka Liverpool hadi Manchester ilifunguliwa mwaka 1830. Ni miongoni mwa reli za kwanza duniani kubeba abiria kwa magari moshi.

Baba yake Frank alikuwa mfanyabiashara wa vyakula. Frank hakuipenda shule. Alipofika umri wa miaka 16 aliacha masomo, akaenda kufanya kazi ya kutunza fedha katika biashara ya baba yake.

Lakini usidhani kuwa Frank alichukia kusoma. Alichukia shule, si vitabu. Kitabu kimoja hasa kilimgusa. Kiliandikwa na mtu aitwaye Samuel Smiles, nacho kilisimulia maisha ya wavumbuzi. Frank aliona kuwa wengi wao walianza katika hali duni. Aliona pia kuwa walishindwa mara nyingi kabla ya kufaulu. Basi naye akaanza kujaribu. Alijaribu hata kutengeneza mtambo ambao ungekwenda wenyewe siku zote, bila moto, bila maji na bila upepo. Mtambo wa namna hiyo hauwezekani. Frank alishindwa. Alishindwa tena katika mambo mengine. Hata hivyo, mikono yake ilikuwa inajifunza.

Mwaka 1887 alimwoa Clara Godefroy, mwalimu wa shule. Walipata watoto wa kiume wawili, Roland na Douglas, na binti mmoja, Patricia.

2. Shida ya vipande

Mwaka 1899 baba yake Frank alifariki. Biashara ile ikafungwa. Frank akapata kazi kwa bwana mmoja aitwaye David Elliott. Bwana Elliott aliagiza nyama kutoka nchi za nje na kuiuza. Kazi ya Frank ilikuwa kuandika vitabu vya hesabu. Mchana kutwa aliandika mapato na matumizi ya mtu mwingine.

Tazama umri wake wakati huo. Alikuwa na miaka 36. Alikuwa na mke, watoto na mshahara wa karani. Watu wengi wa umri huo husema kuwa muda wa kujifunza jambo jipya umepita. Wewe uliyeingia darasa la kisomo ukiwa mtu mzima unajua kuwa si kweli. Ni mwaka huo huo ambapo Frank alianza kazi iliyompa jina.

Jioni alikaa na wanawe. Alikata bati vipande vipande, akatengeneza daraja dogo, gari dogo, na winchi ndogo ya kunyanyulia mizigo kama zile za bandarini. Watoto walifurahi. Lakini kulikuwa na shida. Kila kipande kilifaa kitu kimoja tu. Watoto wakichoka na winchi wakataka daraja, baba ilimbidi akate bati upya. Kazi ilikuwa nyingi, na bati ni fedha.

Siku moja, wakati wa Krismasi, Frank alikuwa akisafiri kwa gari moshi. Alitazama nje ya dirisha akaona winchi ndogo ya kupakia mizigo. Alifikiri jinsi ya kutengeneza winchi kama ile kwa ajili ya wanawe. Hapo ndipo alipopata jibu la shida yake, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye. Vipande vyote viwe vya kipimo kimoja. Kila kipande kiwe na upana wa nusu inchi, yaani zaidi kidogo ya sentimita moja. Kitobolewe matundu, na matundu yaachane kwa nusu inchi. Kisha vipande viunganishwe kwa bolti na nati. Ukitaka winchi, utaunga winchi. Ukichoka nayo, utafungua nati, na vipande vile vile vitakuwa daraja.

Unaona wazo hilo lilivyo rahisi? Fikiria tofali. Tofali halijui kama litajenga jiko, darasa au zahanati. Kwa kuwa matofali yote yametoka katika kalibu moja, yanafaa kujenga kila kitu. Frank alitengeneza matofali ya bati.

3. Deni la paundi 5

Frank aliona kuwa watoto wengine pia wangefurahia vipande hivyo. Lakini aliogopa kuwa mtu mwenye mali angeiga wazo lake na kumnyang'anya. Nchini Uingereza kulikuwa na hati ya serikali ya kumlinda mvumbuzi. Mwenye hati hiyo anaweza kumzuia mtu mwingine asiuze kitu alichovumbua yeye. Hati ilihitaji fedha, na Frank hakuwa na fedha za kutosha.

Alikwenda kwa mwajiri wake, Bwana Elliott, akamweleza. Bwana Elliott alimkopesha paundi 5, yaani shilingi 100 za Kiingereza. Mwezi Januari mwaka 1901 Frank alipeleka maombi yake. Kabla mwaka haujaisha alipata hati.

Fikiri jambo hilo. Mtu mzima, mwenye familia, amekopa fedha kwa mwajiri wake kwa ajili ya vitu vya kuchezea watoto. Kama asingefaulu, angemlipa kwa mshahara ule ule wa karani.

Bwana Elliott akaona wazo lina maana. Akawa mshirika, akatoa chumba karibu na ofisi yake. Mwaka 1902 masanduku ya kwanza ya vipande yaliuzwa. Jina lake lilikuwa na maana ya ufundi uliofanywa kuwa rahisi. Sanduku moja liliuzwa kwa shilingi 7 na peni 6. Vipande havikuwa vizuri sana, na biashara ilikwenda polepole. Mwaka wa kwanza ulipita bila faida. Wa pili nao ulipita bila faida. Mchana Frank alibaki karani, na usiku alifanya kazi ya vipande.

Ili watu waamini, Frank alimwendea Profesa Hele-Shaw, mkuu wa masomo ya uhandisi katika chuo cha Liverpool. Profesa alivitazama vipande, akaona kuwa vinafundisha kweli jinsi mitambo inavyofanya kazi. Alimpa Frank barua ya kumsifia. Hivyo karani aliyeacha shule akiwa na miaka 16 alipata sifa kwa profesa. Mwaka 1906 biashara ilipata faida yake ya kwanza.

4. Anaacha kazi

Mwaka 1907 Frank alifika njia panda. Watu wengi walitaka masanduku, lakini mafundi waliomtengenezea vipande hawakuweza kutoa vya kutosha. Ilimbidi atengeneze vipande mwenyewe. Hakuweza tena kuwa karani mchana na fundi usiku. Akiwa na miaka 44 aliacha kazi ya mshahara. Akapanga karakana katika Mtaa wa Duke, Liverpool, akaanza kutengeneza.

Mwezi Septemba mwaka huo alivipa vipande jina jipya fupi, Meccano. Mwaka uliofuata kampuni iliundwa kwa jina hilo. Bwana Elliott hakuingia katika kampuni mpya. Frank alibaki na mzigo wote, na baadaye akabaki na faida yote.

Jina Meccano lilienea haraka. Mwaka 1914 kiwanda kikubwa kilijengwa katika Barabara ya Binns, Liverpool. Tangu mwaka 1916 kampuni ilitoa gazeti la vijana. Gazeti hilo lilieleza habari za madaraja, meli, reli na mitambo ya dunia nzima. Mtoto aliyenunua vipande alipata pia kitu cha kusoma.

5. Gari moshi dogo

Sasa tumefika kwenye magari moshi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, magari moshi mengi ya kuchezea yalitoka Ujerumani, hasa katika mji wa Nuremberg. Vita vilianza mwaka 1914 vikaisha mwaka 1918. Biashara hiyo ilikatika. Mwaka 1920 Frank Hornby alitoa gari moshi lake la kwanza. Aliliunda kwa njia yake ile ile. Lilifungwa kwa bolti na nati. Mtoto aliweza kulifungua lote, akaona kila kipande, kisha akaliunga tena.

Gari hilo lilikwendaje? Ndani yake kulikuwa na springi. Mtoto aliikaza kwa ufunguo, kama mtu anavyotia ufunguo saa ya mezani. Springi ilipojifungua, ilizungusha magurudumu, na gari likakimbia juu ya reli.

Reli zenyewe zilikuwa ndogo. Chuma kimoja cha reli kiliachana na cha pili kwa milimita 32. Katika reli halisi za Uingereza vyuma huachana kwa milimita 1435. Fanya hesabu. Gawanya 1435 kwa 32. Utapata karibu 45. Maana yake, reli ya mtoto ilikuwa karibu mara 45 ndogo kuliko reli yenyewe.

Mwaka 1925 Hornby alianza kuuza magari moshi yanayokwenda kwa umeme. Ya kwanza yalitumia umeme mkali wa nyumbani, jambo ambalo ni hatari kwa mtoto. Baadaye yakatumia umeme wenye nguvu ndogo. Jambo hilo lituonye. Kichezeo cha mtoto kisiunganishwe kamwe na umeme wa ukutani.

Mtu alianza kwa duara moja la reli sakafuni. Gari lilizunguka na kuzunguka. Baada ya siku chache duara humchosha mwenyewe. Ndipo alipoongeza njia ya pembeni ya kuegesha mabehewa. Akaongeza stesheni, daraja, nguzo za ishara na handaki la kupita chini ya mlima wa karatasi. Akahamisha yote mezani ili yasikanyagwe. Kazi ya kujenga haikwisha, na hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake. Baba aliyedhani anamsaidia mtoto alijikuta yeye mwenyewe amepiga magoti usiku, anatafuta kwa nini behewa la tatu linatoka relini. Hata leo wako watu wazima wengi duniani wanaotumia saa zao za mapumziko kwa kazi hiyo.

6. Mwaka 1928

Kumbuka mwaka 1928. Mwaka huo kampuni ya Hornby ilianzisha chama cha watoto wenye reli ndogo. Mwanachama alipewa beji na kitabu. Alifundishwa kuendesha reli yake kama reli halisi, kwa ratiba, kwa saa na kwa ishara. Mtoto mmoja alikuwa stesheni masta. Mwingine alikuwa dereva. Mwingine alishughulika na ishara. Mmoja akikosea, gari moshi lilichelewa au liligongana na jingine.

Mwaka huo huo wa 1928 reli halisi ilifika Mwanza kutoka Tabora. Ni reli unayoijua. Hupita Isaka, Shinyanga, Malampaka na Fela, ikaingia Mwanza. Ilibeba abiria, na ilibeba marobota ya pamba ya Usukuma kwenda pwani. Baadaye meli ya MV Umoja ilijengwa ikiwa na reli juu yake. Mabehewa yaliingizwa melini yakavushwa ziwani bila kupakuliwa mizigo.

Reli yetu hiyo ina njia moja. Treni mbili zikikutana uso kwa uso, ni maafa. Kwa hiyo treni moja husubiri katika stesheni mpaka nyingine ipite. Abiria ndani ya behewa hulalamika kuwa treni imesimama bure. Hajui kuwa kusimama huko kunamwokoa. Mtoto aliyewahi kuendesha reli ndogo na wenzake anajua. Amekwisha kuona magari mawili yakigongana mezani, na hakuna aliyekufa. Hiyo ndiyo faida ya reli ndogo. Kosa lake ni dogo, lakini fundisho lake ni kubwa.

7. Kosa lake na mwisho wake

Tusimsifu mtu bila kutaja upungufu wake. Matangazo ya Hornby yaliwalenga wavulana. Wasichana waliachwa kando, kana kwamba mikono yao haiwezi kukaza nati. Tena, sanduku la vipande lilihitaji fedha. Watoto wengi wa maskini wa Liverpool waliyatazama magari moshi yale kupitia vioo vya madirisha ya maduka tu.

Hornby alitajirika. Mwaka 1931 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Everton, sehemu ya Liverpool, akakaa bungeni mpaka mwaka 1935. Mwaka 1934 kampuni yake iliyapa jina la Dinky magari madogo ya madini. Mwanzoni magari hayo yalikusudiwa kupamba barabara zilizo karibu na reli ndogo. Baadaye watoto wengi waliyapenda kuliko hata magari moshi.

Mwaka huo wa 1934 jambo la ajabu lilitokea katika Chuo Kikuu cha Manchester. Profesa Douglas Hartree na mwanafunzi wake Arthur Porter walihitaji mtambo wa kupiga hesabu ngumu sana. Mtambo kama huo ulikuwa ghali. Walichukua vipande vya Meccano, vile vile vya watoto, wakaunda mtambo wao. Nao ulifanya kazi.

Frank Hornby alifariki tarehe 21 Septemba 1936 akiwa na umri wa miaka 73. Miaka miwili baadaye, mwaka 1938, kiwanda kilitoa magari moshi madogo zaidi, ambayo reli zake ziliachana kwa milimita 16 na nusu. Sasa mtu mwenye chumba kidogo naye aliweza kujenga reli. Kiwanda cha Barabara ya Binns kilifungwa mwaka 1979, na wafanyakazi wengi walipoteza kazi. Lakini hadi leo magari moshi madogo yenye jina la Hornby yanauzwa madukani.

8. Reli ndogo ya Igoma

Utasema, ndugu msomaji, kuwa hayo ni mambo ya watu wenye fedha. Si hivyo. Kumbuka kuwa Hornby alianza na mabaki ya bati na jioni zake. Wewe pia unaweza kujenga reli ndogo pamoja na watoto wako, wa kiume na wa kike. Fuata hatua hizi.

Kwanza, chagueni kipimo. Katika reli ya zamani ya Mwanza vyuma huachana kwa mita moja, yaani sentimita 100. Reli yenu iachane kwa sentimita 5. Gawanya 100 kwa 5. Utapata 20. Basi kila kitu kiwe kidogo mara 20. Mtu mwenye kimo cha sentimita 160 atakuwa na sentimita 8. Behewa la mita 10 litakuwa na nusu mita. Usipofuata kipimo kimoja, abiria watakuwa wakubwa kuliko mlango wa stesheni.

Pili, jengeni njia. Tumieni fito nyembamba za mianzi zilizonyooka. Zipigilieni misumari midogo juu ya mataruma, yaani vile vipande vinavyolala chini ya reli. Katani kijiti cha sentimita 5 mkitumie kupimia kila mahali. Penye kona, pindeni fito polepole. Kona ikiwa kali, behewa litaanguka.

Tatu, tengenezeni magurudumu. Kila gurudumu liwe na visahani viwili vya kandambili vilivyoshikana, kimoja kidogo na kimoja kikubwa. Kidogo hukaa juu ya reli. Kikubwa hukaa upande wa ndani, nacho huzuia gurudumu lisitoke. Magurudumu ya treni halisi nayo yana ukingo wa ndani kwa kazi hiyo hiyo. Umbali kutoka uso wa nje wa kisahani kikubwa kimoja hadi uso wa nje wa kile cha pili uwe pungufu kidogo ya sentimita 5, ili visikwame. Ekseli iwe spoku ya baiskeli.

Nne, tengenezeni mabehewa kwa makopo au maboksi. Makali ya kopo hukata vidole. Yakunjeni ndani na kuyagonga kwa nyundo kabla mtoto hajayashika. Gari livutwe kwa kamba, au liachiwe literemke penye mteremko mdogo.

Tano, andikeni. Hii ndiyo kazi yako wewe uliyejua kusoma. Andika vibao vya stesheni: Tabora, Isaka, Shinyanga, Malampaka, Fela, Mwanza. Andika ratiba. Treni itaondoka Fela saa ngapi? Itasubiri wapi? Itabeba magunia mangapi ya mpunga? Mtoto ataisoma ratiba, nawe utaisahihisha. Kama mtoto amesoma kukuzidi, yeye atakusahihisha wewe. Usione aibu.

Mwaka 2021 ujenzi wa reli mpya kutoka Mwanza hadi Isaka ulianza. Vyuma vyake huachana kwa milimita 1435, si mita moja. Reli hiyo inahitaji mafundi, madereva, stesheni masta na wahandisi. Watatoka wapi? Wengine wako njiani hapa Igoma leo, wanakokota magari ya mabua.

Basi jioni ya leo, mtoto akisha kuteka maji, kaa naye. Mwulize gari lake linakwendaje. Mwulize kwa nini gurudumu moja linayumba. Shika kisu, shika waya, mlitengeneze pamoja. Na waya wa kuanikia nguo urudishwe mahali pake.

Maswali ya kujadili darasani

1. Frank Hornby alikuwa na umri gani alipoanza kuwatengenezea wanawe vitu vya kuchezea?
2. Shida ya vipande vya kwanza ilikuwa nini? Aliitatua kwa njia gani?
3. Kwa nini alikopa paundi 5? Wewe ungekopa? Toa sababu.
4. Kwa nini treni husubiriana katika reli yenye njia moja?
5. Nyumba ina urefu wa mita 6. Katika reli ndogo ya Igoma itakuwa na sentimita ngapi?
6. Watoto wa mtaani kwenu hutengeneza vitu gani kwa mikono yao? Taja vitatu, kisha eleza kila kimoja kinamfundisha mtoto jambo gani.